Sura ya 7: Ardhi Isiyouzika

Kiwanja cha umma huliwa kidogo kidogo. Huanza na lori la kokoto lililomwagwa pembeni. Hazipiti wiki nyingi, kibanda cha mlinzi kimesimama. Kisha ua wa mabati. Mwishowe anajitokeza mtu mwenye hati. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipoandamana kuuangusha, polisi waliwarushia vitoa machozi. Uwanja uliokolewa kwa sababu taifa zima lilikuwa likitazama. Viwanja vingi havipati bahati hiyo.

Mukuru kwa Njenga, katika Embakasi, inatuonyesha hali ilivyo pale ambapo hapakuwa na wa kutazama. Ardhi hiyo ilikuwa ya serikali. Kati ya miaka ya 1980 na 1990 sehemu kubwa iligawiwa kampuni na watu binafsi kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga. Wapo waliozipeleka hati benki kama dhamana ya mikopo, na huku nyuma watu wakajenga vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi. Kila futi ikawa na kodi yake. Katika baadhi ya vichochoro, mwenye mtungi wa maji husubiri anayetoka apite kwanza, na nguo huanikwa juu ya mtaro wa maji machafu.

Palipobaki wazi katika mitaa ya Mukuru ni pale ambapo kujenga ni hatari: chini ya nyaya za umeme mkubwa, juu ya bomba la mafuta, ukingoni mwa Mto Ngong. Hata huko watu walijenga, maana hawakuwa na pengine. Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwaka katika kijiji cha Sinai na kuua zaidi ya watu 100. Mwaka 2024 mafuriko yalipopita, serikali ilibomoa nyumba za kando ya mito. Mtaa usiotenga nafasi mapema hutengewa na moto, maji au tingatinga.

Basi nafasi hiyo ishikwe na nani? Mtu binafsi akiishika, ataiuza siku atakayobanwa na shida. Serikali ikiishika, afisa mmoja mwenye muhuri anaweza kuigawa. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa hivyo. Njia ya tatu ni amana: ardhi inawekwa mikononi mwa wadhamini kwa masharti yaliyoandikwa, na sharti la kwanza ni kwamba haiuzwi.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wakfu umelinda misikiti, visima na makaburi kwa karne nyingi kwa kanuni hiyo hiyo: mali ikishawekwa wakfu, haiuzwi wala hairithiwi. Huko Marekani, shirika la Trustees of Reservations lilianzishwa Massachusetts mwaka 1891 ili kushika maeneo yenye uzuri wa asili au ya kihistoria kwa faida ya umma.

Kenya imejaribu mfumo huu mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi walipewa nafasi ya kuchagua aina ya umiliki. Badala ya kila mtu kupewa hati yake, walichagua amana ya ardhi ya jamii. Ardhi ni ya wote na haiuzwi. Nyumba ni ya aliyeijenga, naye anaweza kuiuza au kuwarithisha watoto. Hofu yao ilikuwa ya kweli: maskini akipewa hati mkononi, tajiri humjia na pesa taslimu, na baada ya miaka michache mtaa umehamia kwa wenye nacho. Tatizo la Voi lilikuwa sheria. Haikuwapo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya amana ya aina hiyo, ikabidi ziunganishwe sheria kadhaa, na mchakato ukawa mrefu na mgumu kwa mkaazi wa kawaida kuuelewa.

Mukuru ilipita njia yake. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalumu la Upangaji, lenye kaya zipatazo 100,000. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda, ulisaidia kuwakusanya wakaazi katika vikundi vya kaya kumi kumi. Humo ndimo ulipozuka ubishi wenye maana: barabara iwe na upana gani, na nyumba ya nani isogezwe ili ipite? Anayetaka uwanja wa watoto lazima akae na jirani atakayepoteza chumba. Nao mfuko wa Akiba Mashinani Trust ulinunua ekari 23 kwa niaba ya vikundi vya akiba vya Mukuru. Hata hivyo, mpango huo wa upangaji hauondoi hati ya mtu, wala haumlindi asiye na hati. Novemba 2021 nyumba za maelfu ya watu wa Kwa Njenga zilibomolewa ili kupisha barabara, na familia zikalala kwenye mahema juu ya vifusi.

Fundisho ni hili: ramani hueleza matumizi ya ardhi, lakini hati ndiyo husema nani anaweza kuyabadilisha. Amana nayo ina udhaifu wake. Wadhamini wasiokaguliwa hugeuka wenye mali, na wakaazi waliochoka kuhudhuria mikutano huwaachia watu watatu waamue.

Kwa hiyo, kabla ya kuchangisha pesa za kupanda miti katika kiwanja cha mtaani kwenu, fanyeni upekuzi wa hati. Jueni iko kwa jina la nani, nani anaruhusiwa kutia sahihi ya kuuza, na wadhamini huchaguliwa na kuondolewa vipi. Mkikosa jibu la swali hata moja kati ya hayo matatu, kiwanja hicho bado si chenu.