Kezilahabi: jirani yetu wa Nyegezi aliyewashtua wakubwa

Juzi hapa Mkolani nilimsikia dogo mmoja akidai eti waandishi wote wa riwaya ni watu wa Dar. Nikacheka sana. Mmoja wa wakali kuliko wote kasoma hapo jirani tu, Seminari ya Nyegezi!

Namzungumzia Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, akasoma Nyegezi, halafu 1967 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971, akiwa na miaka 27 tu, akatoa riwaya ya Rosa Mistika.

Stori iko hivi. Rosa ni binti wa Namagondo. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali balaa, anampiga kisa barua ya mvulana. Rosa anavuka ziwa kwenda sekondari ya bweni. Kule hakuna wa kumchunga, na nyumbani hakuna aliyemfundisha lolote kuhusu wanaume. Anapotea. Wanaume wanamtumia, anatoa mimba, mwisho anajiua.

Wakubwa wakashtuka. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, eti kitaharibu watoto. Baadaye kikaruhusiwa, na wanafunzi wengi wakakisoma darasani.

Kwa nini kiliwauma? Mimi naona ni kwa sababu hakimlaumu Rosa peke yake. Kinawanyooshea kidole wazazi: ukimfungia mtoto bila kumweleza kitu, siku mlango ukifunguka ataumia.

Na msiseme hayo ni ya zamani. Serikali yetu ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shule. Hesabu wewe mwenyewe: miaka 50 tangu Rosa Mistika itoke!

Jamaa hakuishia hapo. Alitoa Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Mashairi yake ya Kichomi (1974), yasiyofuata vina na mizani, yalizua ubishi mkubwa. Alifundisha Chuo Kikuu Dar, kisha Botswana. Alifariki Januari 2020.

Kama hujakisoma, kitafute, ukimaliza muazime mdogo wako, wa kike na wa kiume pia. Mtoto wa kiume naye anahitaji kujua anavyoweza kumuumiza mwenzake.

Haya wadau, nyie mambo haya mlifundishwa na nani: wazazi, au mtaa? Semeni ukweli!