Wafunga Mitumba

Siku hizi ukitaja mtumba, kila mtu anawaza shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya. Katika Bagamoyo ya karne ya 19, mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa safari ya bara. Merikani na kaniki zilikunjwa, zikaviringishwa mpaka zikafanana na mto mrefu wa kulalia, zikavishwa jamvi, kisha zikakazwa kwa kamba ya makumbi. Uzito wake ulijulikana: frasila mbili au karibu yake, kama kilo 32, kwa kuwa huo ndio uliokaa begani mwa mpagazi kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Ushanga ulikuwa na mifuko yake, na masango yalining'inizwa kwenye mzega. Kila bidhaa na namna yake ya kufungwa.

Ukali wa desturi ile ulikuwa na sababu. Mfungaji alibaki pwani, na mfunguaji alikuwa mbele mwendo wa miezi. Robota likifumuka njiani, kule Ugogo, huna wa kumuuliza. Fundo ndilo lililobeba neno la aliyelifunga.

Nayakumbuka mafundo hayo kila ninapoitazama jamii moja ya leo ambayo nayo kazi yake ni kufunga mizigo itakayofunguliwa na watu isiowajua. Haina kijiji wala mtaa, watu wake wametawanyika duniani, lakini ina mila, miiko, adabu za mgeni na hata utaratibu wa kulea yatima. Ni jamii ya watunzaji wa vifurushi wa Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Jina lenyewe aliliunga kutoka jina la mchumba wake, Debra, na la kwake, Ian. Kifurushi chao si bando la simu la kuisha saa sita usiku. Ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, tayari kuwekwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote kwa amri moja.

Tuchukue mzigo mdogo kabisa, tuone unavyofungwa. Iko programu iitwayo grepcidr, iliyoandikwa na Jem Berkes. Haina picha wala vitufe. Unaiita kwa kuandika amri kwenye terminali. Kazi yake ni kuchuja anwani za mtandao. Seva yoyote iliyo wazi intaneti hubishiwa hodi usiku na mchana, na kila hodi huandikwa kwenye daftari lake pamoja na anwani ya aliyebisha. Daftari hilo huweza kufika mistari laki kadhaa. Mpishi wa pwani anakijua kifumbu: tui hupita, chicha hubaki. Ukiiambia grepcidr fungu la 41.0.0.0/8, yaani anwani zote zinazoanza na 41, zaidi ya milioni 16, itakutolea mistari yenye anwani hizo tu. Fungu hilo lilikabidhiwa AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti Afrika, mwaka 2005, na baadhi ya anwani za Tanzania zimo humo. Ukitaka kinyume chake, chicha itoke na tui libaki, unaongeza herufi moja, -v.

Chombo kidogo hivyo mtu angedhani kinafungwa kwa dakika tano. Mila hairuhusu.

Jambo la kwanza ni kutangaza nia. Anayetaka kufunga programu mpya hupeleka taarifa kwenye daftari la wazi, akitaja jina la programu, mwandishi wake, leseni yake na faida yake. Ni posa. Na kama ilivyo kwetu, barua ya mtu ikishapokelewa, mwingine hapeleki yake mpaka ya kwanza ijibiwe. Akipeleka ataambiwa kwa upole kwamba kuna mwenzake aliyetangulia, na pengine ashauriwe waishike kazi pamoja.

Kisha huja kufunga kwenyewe, na hapa mwiko mkubwa ni kuchanganya chako na cha mwenye mali. Chanzo cha programu huachwa kama mwandishi alivyokitoa. Yote ya mfungaji hukaa kwenye folda moja iitwayo debian. Akikuta kosa, halisahihishi kimyakimya ndani ya kazi ya mwenzake. Huandika kiraka pembeni, chenye maelezo, kisha humpelekea mwandishi ili akipenda akitie mwenyewe. Mpagazi hubeba nguo za tajiri, hazivai.

Ndani ya folda hiyo mna faili ya kueleza kifurushi ni nini na kinategemea nini, ya kueleza kinavyojengwa, na ya kutaja nani ana haki juu ya kila sehemu ya maandishi. Hiyo ya haki ndiyo inayowatoa jasho wageni. Usiseme tu kwamba programu ni huria. Onyesha leseni ya kila kipande, hata kipande cha mistari 20 kilichoazimwa kwingine. Programu isiyo na ukurasa wa mwongozo nayo huhesabiwa kuwa na kasoro. Chombo kimeenda, na asiyekijua atakitumiaje?

Mzigo ukishafungwa, mgeni haruhusiwi kuuingiza mwenyewe kwenye ghala la vifurushi la Debian. Sharti awe na mwenyeji, mwanajamii kamili atakayeukagua, akaufungua na kuurudisha mara tatu au nne kwa sababu ya nukta tu, na mwisho akauwekea sahihi yake ya kidijitali. Ukiharibu, ni uso wake. Mzee wa Dunda, Bagamoyo, anayempeleka kijana wa watu kwa fundi wa majahazi akajifunze kazi ataelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Baada ya hapo, kifurushi kipya husubiri foleni. Wapo wazee wachache wa ghala wanaosoma kila kitu kwa macho yao, leseni hasa. Kungoja huchukua siku, wiki, wakati mwingine miezi. Kawia ufike.

Mwanajamii kamili naye alipataje heshima hiyo? Pamoja na kazi ya muda mrefu, ufunguo wake wa kidijitali ulithibitishwa na wanajamii wengine. Kwa desturi hukutana ana kwa ana, vitambulisho mkononi, wakahakikisha kwamba mtu ni yule na ufunguo ni wake. Hapa mila inambana mtu wa kwetu. Kijana wa Magomeni, Bagamoyo, anaweza kufunga kifurushi kisicho na doa, lakini mwanajamii wa kukutana naye yuko mbali. Mkutano wao mkuu wa mwaka ulifanyika Cape Town mwaka 2016, na hata hapo nauli si ya mchezo. Mila iliyotungwa na watu wanaofikiana kwa treni huwa nzito kwa anayehitaji ndege na viza. Nasema hivyo bila kuidharau. Nia yake naiona. Lakini mlango wa hodi wafaa uwe mahali ambapo mgeni anaweza kufika.

Adabu yao inayonivutia zaidi ni ya ujirani. Kila kifurushi kina mwenyewe, na mwenyewe akichelewa kuziba tundu, jirani anaweza kuliziba. Ila hatumbukii tu. Huandika, huonyesha atakachobadili, kisha huweka kazi yake kwenye foleni ya kuchelewesha, siku kadhaa, ili mwenye kifurushi apate nafasi ya kusema hapana. Ndiyo hodi tatu mlangoni: huitikiwi, unarudi, lakini moshi ukiwa unatoka, unaingia.

Na mwenye kifurushi akichoka, akiugua au akifa? Wapo wanaojitolea kuwatafuta waliopotea kimya, wakiwaandikia kuuliza hali. Asipopatikana mtu, kifurushi hutangazwa kuwa yatima. Ndivyo wanavyosema, yatima, na anayejitokeza husemwa amekilea. Mwasisi Murdock mwenyewe alifariki Desemba 2015, na ghala halikufungwa hata siku moja.

Kazi hii si ngeni kabisa pwani yetu. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zikizungumza Kiswahili. Walioketi kubishana neno gani lifae kwa faili na lipi kwa folda walikuwa wanafunga mtumba pia, na mfunguaji hawakumwona.

Tofauti moja tu kati ya mitumba ya Bagamoyo na ya Debian hainiachi. Historia ya Bagamoyo imehifadhi majina ya wageni waliopanga misafara, msafiri Stanley akiwa miongoni mwao, aliyeondoka hapa mwaka 1871. Waliokaa chini kukunja merikani na kukaza kamba za makumbi hawatajwi kwa majina, wala maelfu ya Wanyamwezi walioibeba. Kwenye mtumba wa siku hizi, kila aliyekaza fundo huandika jina lake, tarehe, hata saa, na alichobadili. Weka grepcidr kwenye kompyuta yenye Debian, kisha fungua faili ya changelog.Debian.gz chini ya /usr/share/doc/grepcidr. Wamo waliougusa, hata aliyesahihisha neno moja. Mstari wa juu kabisa ni wa aliyeugusa mzigo mwisho, na atakayefuata ataandika juu yake.