Saratani ya Ini: Imeanzia Wapi?

Familia ikiambiwa kwamba mtu wao ana saratani ya ini, huuliza kwanza habari za dawa. Ningependa waanze na swali jingine: imeanzia wapi? Jina hilo moja limebeba maradhi kadhaa yasiyofanana chanzo, mwendo wala tiba.

Ipo saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, na ipo iliyohamia. Damu itokayo tumboni na kwenye utumbo hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, hivyo seli za saratani zilizobanduka kwenye utumbo mpana au kongosho hunasa humo kwa urahisi. Za titi na mapafu nazo hufika. Uvimbe wa namna hii, hata ukilijaza ini zima, unabaki kuwa saratani ya utumbo au ya titi, na hutibiwa kwa kufuata asili yake. Ndiyo maana mgonjwa aliyekutwa na uvimbe kwenye ini huweza kuagizwa akapimwe utumbo mpana. Asidhani daktari amepotea njia.

Zinazoanzia kwenye ini nazo zimegawanyika. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, hupata aina yao iitwayo hepatoblastoma, ambayo mara nyingi husikia dawa na upasuaji ikiwahiwa. Ipo ya mirija ya nyongo, inayoonekana sana kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako minyoo inayopatikana kwa kula samaki wabichi wa maji baridi hukaa katika mirija hiyo miaka mingi. Ya mishipa ya damu ni nadra mno. Lakini kubwa kuliko zote, takribani robo tatu ya saratani zinazoanzia kwenye ini au zaidi, ni ile ya seli za ini zenyewe. Hiyo ndiyo inayotuumiza Afrika Mashariki, na huwapata hata watu wenye umri wa miaka thelathini na arobaini.

Mgonjwa wa ini kwetu huhukumiwa haraka kuwa ni mlevi. Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuonja pombe. Ni kweli pombe hulijeruhi ini, likajaa makovu, na saratani ikaota humo. Virusi vya homa ya ini C hupita njia hiyohiyo ya makovu, na unene uliopindukia pamoja na kisukari vinazidi kuchangia. Lakini chanzo kikuu katika nchi zetu ni virusi vya homa ya ini B, navyo vina hila ya ziada: huweza kupachika vinasaba vyao ndani ya vinasaba vya seli, hivyo saratani inaweza kuota hata kwenye ini lisilo na makovu.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Mtu mzima akipata virusi hivi, mara nyingi mwili huvishinda. Mtoto mchanga akivipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki navyo maisha yake yote ni takribani asilimia 90.

Kisha kuna sumukuvu. Kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa bila kukauka vizuri hutoa sumu hii, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Hivyo vilikuwa vifo vya dozi kubwa ya ghafla. Dozi ndogo ya kila siku haimwangushi mtu. Huharibu kinasaba kinachozuia seli kuzaana ovyo. Mwenye virusi vya homa ya ini B anayekula sumukuvu yuko hatarini mara nyingi zaidi ya mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Tatizo ni kwamba ini halilalamiki mapema. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano huja uvimbe ukiwa mkubwa, na wakati huo kuukata au kuuchoma kwa sindano maalumu mara nyingi hakuwezekani tena. Ukionekana ungali mdogo, mgonjwa anaweza kupona.

Kwa hiyo pima virusi vya homa ya ini B ukiwa bado mzima. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002; aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu mtoto kuzaliwa, basi mama mjamzito aulize mapema kama inapatikana pale atakapojifungulia. Ukikutwa na virusi, daktari ataangalia kama unahitaji vidonge vya kuvifubaza, na walio katika hatari zaidi hupigwa altrasaundi ya ini kila miezi sita, hata kama wanajisikia wazima. Mama yako, ndugu zako wa tumbo moja, mwenzi wako na watoto wako wapimwe pia, na wasio na virusi wala kinga wachanjwe.