Nani Kasema? Kubahatisha Nukuu za Shaaban Robert na Wajibu wa Msomaji

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa vitabu wana mchezo mmoja usiohitaji bao wala karata. Mmoja wao husoma sentensi mbili tatu huku akificha jalada. Wenzake hubahatisha mwandishi ni nani, kitabu ni kipi, na pengine mhusika ni yupi. Katika nchi nyingi mchezo huu hupendwa hasa na wasomaji wa bunilizi za ajabu na za kisayansi. Mwandishi wa bunilizi hizo huumba ulimwengu mzima wenye majina, sheria na desturi zake. Msomaji aliyekwisha kuishi humo huutambua kama mwenyeji atambuavyo vichochoro vya mtaa wake.

Katika Kiswahili, mwandishi anayeufaa mchezo huu kuliko wengi ni Shaaban Robert (1909–1962). Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani. Katika Adili na Nduguze (1952) mna majini, na ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki, ni nchi nyingine isiyo katika ramani yoyote. Waandishi waliomfuata wameipanua njia hiyo kila mmoja kwa namna yake: Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Katama Mkangi katika Walenisi (1995), na Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! (2002).

Mhadhara huu unauchunguza mchezo huo kwa jicho la isimu. Hoja yake ni moja: kumtambua mwandishi wa nukuu ni hatua ya kwanza tu ya usomaji, na msomaji anayeishia hapo anaweza kushinda mchezo na bado akampotosha mwandishi.

2.0 Mchezo huu na kitendawili

Mchezo wa nukuu si mgeni katika jamii za Waswahili. Kitendawili kina umbo lilo hilo: mmoja hutega, wengine hutegua, na wakishindwa mtegaji hudai apewe mji. Aliyeshindwa akimpa Morogoro, mtegaji huenda Morogoro kwa maneno, akala na kunywa, kisha akarudi na jibu.

Hata hivyo, tofauti moja ni kubwa. Kitendawili hakina mwenyewe. Ni mali ya jamii, na hakuna anayeuliza nani alikitunga. Nukuu ina mwenyewe. Mazoea ya fasihi simulizi yanapoingia katika fasihi andishi, mambo mawili hutokea. Kwanza, sentensi nzuri ya mwandishi hunukuliwa mara nyingi hata ikatolewa jina, ikaitwa methali, na ikakabidhiwa wahenga. Pili, usemi usio na mwenyewe hupewa jina kubwa ili upate uzito. Katika Tanzania majina yanayobebeshwa mzigo huo kwa urahisi ni Shaaban Robert na Mwalimu Julius Nyerere. Katika hali ya kwanza mwandishi hunyang'anywa kilicho chake. Katika ya pili hutwishwa kisicho chake.

3.0 Nduni zinazoliongoza sikio

Msomaji mzoefu hubahatishaje na kupatia? Nduni ya kwanza ni majina. Shaaban Robert huwapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao: Karama, Majivuno, Adili, Hasidi, Utubora. Mkangi naye huficha maana ndani ya jina la mahali, kwani Walenisi ni "wale ni sisi". Mtegaji mjanja hufuta majina hayo kabla ya kusoma, na hapo mchezo huwa mgumu.

Nduni ya pili ni muundo wa sentensi. Nathari ya Shaaban Robert hupenda mizani: kishazi hujibiwa na kishazi, wema husimamishwa mbele ya ubaya, na hoja hufungwa kwa kauli inayoweza kusimama peke yake. Ndiyo sababu sentensi zake huchomoka kwa urahisi katika matini na kugeuka misemo. Sentensi za Kezilahabi katika Nagona huenda kwa mwendo wa ndoto, na mara nyingi hupoteza nguvu zikitengwa na zilizozitangulia.

Nduni ya tatu haionekani kwa urahisi, nayo ndiyo inayomvutia mwanaisimu. Ni yale maumbo madogo ambayo mwandishi huyachagua bila kufikiri. Wazo moja laweza kuandikwa "mtu asemaye", "mtu anayesema" au "mtu ambaye anasema". Maana ni ileile, lakini kila mwandishi ana uwiano wake katika kuyatumia maumbo hayo, kama alivyo na uwiano wake wa "lakini", "bali", "ila" na "walakini". Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walichapisha uchunguzi wa insha 12 za kisiasa za Marekani za karne ya 18, ambazo waandishi wawili, Hamilton na Madison, waligombewa umiliki wake. Walihesabu maneno madogo ya kawaida, wakahitimisha kwamba mwandishi alikuwa Madison. Katika Kiswahili, ambamo sarufi nyingi hukaa ndani ya kitenzi, kuhesabu maneno hakutoshi; hapana budi kuhesabu viambishi pia.

Kipimo cha nne ni cha wakati, nacho hakihitaji kompyuta. Nukuu yenye neno "utandawazi" haiwezi kuwa ya mtu aliyefariki mwaka 1962, kwa kuwa neno hilo lilienea miongo mingi baadaye. Semi nyingi zenye jina la Shaaban Robert chini yake zinaweza kupitishwa katika chujio hili kabla ya kuingia katika hotuba au tasnifu.

4.0 Mipaka ya sikio

Vipimo hivyo vina mipaka. Vitabu vya Kiswahili vya wakati wa ukoloni viliandikwa wakati Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikisimamia usanifishaji, na baadaye vimepitia chapa na wachapishaji mbalimbali. Kwa hiyo umbo la neno katika chapa fulani laweza kuwa la mhariri.

Tatizo la pili ni tafsiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Sentensi ikichukuliwa humo ni ya nani? Wazo ni la Shakespeare, Kiswahili ni cha Nyerere, na anayeitamka jukwaani ni mhusika. Jibu lenye jina moja haliwezi kuwa kamili.

Hata Adili na Nduguze ina jambo la kuangaliwa. Kiunzi cha kisa chake kinafanana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, cha mtu na nduguze wawili waliogeuzwa wanyama. Ufundi wa kukisimulia upya ni wa Shaaban Robert, lakini msomaji anayeitafuta asili ya tukio fulani hana budi kuvuka mpaka wa kitabu.

5.0 Sauti iliyo ndani ya sauti

Mpaka ulio mzito kuliko yote umo ndani ya kitabu chenyewe. Kusadikika ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Maneno ya Majivuno yamepangwa kwa ufasaha, kwa sababu mwandishi mahiri hampi mhusika mbaya ulimi mbovu. Karama naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, na kila mjumbe ana maneno yake. Msomaji huweza kukuta mwandishi anamnukuu Karama, Karama anamnukuu mjumbe, na mjumbe anaeleza aliyoyaona ugenini.

Tuseme wanafunzi wawili wameketi kivulini Mzumbe, milima ya Uluguru ikiwa mbele yao. Mmoja anasoma kipande cha hotuba ya Majivuno, mwenziwe anajibu mara moja, "Shaaban Robert!" Amepatia. Kesho yake anakiandika kipande hicho mwanzoni mwa insha yake kama fikra ya Shaaban Robert kuhusu sheria. Amekosea kabisa, kwa kuwa amemfanya mwandishi aseme jambo ambalo kitabu kizima kiliandikwa kulipinga.

Kosa hilo lina uzito wa pekee mahali hapo. Mwaka 1953, miaka miwili baada ya Kusadikika kuchapishwa, serikali ya kikoloni ilianzisha Mzumbe chuo cha serikali za mitaa, kilichowafunza machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji, madiwani na mahakimu. Chuo hicho kilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001, na sheria hufundishwa humo. Mahali ambapo ombi la Karama limekuwa kazi ya kila siku, si vizuri maneno ya mshtaki wake yakasomwa kama maneno ya mtetezi.

6.0 Hitimisho

Mchezo wa kubahatisha nukuu unastahili kuendelezwa, shuleni na vyuoni, kwa kuwa haumnufaishi aliyesoma muhtasari peke yake. Muhtasari hueleza kisa. Sikio la mtindo hupatikana kwa kusoma kitabu chenyewe. Lakini kanuni ziongezwe. Mtegaji asikubali jina la mwandishi peke yake. Aulize maswali matatu: nani kaandika, nani anasema, na anamwambia nani kwa sababu gani? Asiyeweza kujibu yote matatu atoe mji, kisha akifungue kitabu na kuusoma ukurasa uliotangulia.