Ndege ya kukodi: uliza cheti ni cha nani

Usiku wa Januari 21, 2019, mshambuliaji Emiliano Sala wa Argentina, mwenye umri wa miaka 28, aliondoka Nantes, Ufaransa, kwa ndege ndogo aina ya Piper Malibu kuelekea Cardiff. Cardiff City ilikuwa imetoka kumsajili kwa takriban pauni milioni 15. Mchezaji wa bei hiyo alipakiwa kwenye ndege ya injini moja iliyoundwa mwaka 1984, na rubani wake hakuruhusiwa kubeba abiria kwa malipo wala kuruka usiku. Ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, na wote wawili wakafa.

Wachunguzi wa Uingereza walisema rubani alishindwa kuimudu ndege, na kwamba huenda alikuwa ameathiriwa na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Hakukuwa na kampuni ya ndege yenye kibali cha biashara hiyo. Kulikuwa na mtu aliyepanga safari tu. Mahakamani ilielezwa kuwa mwenye ndege alikwisha kumwambia mpangaji huyo asimtumie tena rubani huyo, na kwamba baada ya ajali mpangaji aliwatumia watu ujumbe wa kuwataka wafunge midomo. Novemba 2021 alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Rubani yule leseni alikuwa nayo, ila ya binafsi. Hapo ndipo abiria wengi wanapopigwa chenga: wakionyeshwa leseni, wanaridhika. Leseni ya binafsi inamruhusu mtu kumbeba rafiki na kuchangia naye gharama, si kufanya biashara. Hata rubani aliyebobea hatoshi. Abiria wa kulipa anapaswa kubebwa na kampuni yenye cheti cha uendeshaji wa ndege, ambacho huku kwetu hutolewa na mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Kukipata si lelemama, maana mamlaka hukagua mafunzo ya marubani, matengenezo ya ndege, hata saa za kupumzika.

Anayekupigia simu kukuuzia safari ya Serengeti, Mara au mkutano wa kampeni mara nyingi ni dalali. Udalali si kosa. Ila akutajie kampuni itakayorusha ndege, akupe namba ya usajili (ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y) na nakala ya cheti pamoja na viambatisho vyake. Angalia tarehe ya mwisho, kisha angalia kama ndege hiyo imo. Halafu ipigie simu mamlaka mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye. Uliza pia kama bima inamhusu abiria wa kulipa, kwani bima ya matumizi binafsi inaweza kuiacha familia yako mikono mitupu.

Na ukiambiwa kwamba ukiulizwa useme rubani ni rafiki yako na mnachangia mafuta tu, usipande.