Bloku ya Injini Imepasuka: Tutengeneze, Tuuze, au Tupime Kilo?

Siku moja tulikwenda kutembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu. Darasani hapakuwa na mtu. Akina mama walikuwa wamekwenda kusaga kijiji cha jirani, madebe kichwani. Mashine yao wenyewe ilikuwa imelala. Injini yake ni ile Lister ya zamani yenye magurudumu mawili makubwa, ambayo ukiisikia kwa mbali inasema tuku, tuku, tuku. Bloku yake imepasuka.

Jioni kamati ilikutana. Mzee mmoja alisema chuma cha Mwingereza hakitupwi, kichomelewe tu. Kijana mmoja akasema wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha fika na mizani yao, kiuzwe. Wakabishana sana. Mwishowe mama mweka hazina akauliza, "Kwani wazee wangu, ufa wenyewe uko wapi?" Hakuna aliyejua. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Bloku ni kile kipande kizito ambacho pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hii ni kigumu lakini hakipindi. Kikizidiwa hupasuka kama chungu. Injini za Lister za namna hii zilianza kutengenezwa huko Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 1987, lakini Wahindi waliendelea kutengeneza za mfano huo huo. Ndiyo sababu vipuri vyake bado vinapatikana.

Katika nchi za baridi bloku hupasuka maji yanapoganda ndani yake. Kwetu Mwanza maji hayagandi. Kwetu kinachopasua ni joto. Maji ya pipa yamepungua, au tope na ukoko kama ule wa birika umeziba njia zake. Injini inachemka. Mwendeshaji anaogopa, anachukua ndoo ya maji baridi, anamwaga. Tah! Hapo hapo imekwisha. Injini ikichemka, izime, uiache ipoe yenyewe. Hata kama foleni ya madebe inakutazama.

Sasa, utajuaje kama bloku imepasuka kweli? Maji kupungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye pipa, oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa: hizo ni dalili. Lakini gasketi iliyoungua huleta dalili hizo hizo, nayo ni kitu cha bei ndogo. Basi usikubali kuambiwa "bloku imekufa" kabla haijafunguliwa.

Ikifunguliwa, fanyeni hivi. Isafisheni kwa mafuta ya taa, na mafuta hayo yaachwe yapenye kwa muda. Kisha pangusa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki ya darasani, paka unga wake juu ya chuma. Ngoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hata mtoto atauona.

Mahali pa mstari huo ndipo penye jibu. Ukiwa kwenye ukuta wa nje, unaozuia maji tu, unatengenezeka. Fundi mzuri anaweza kuushona kwa skrubu zinazofuatana, au kuuchomelea. Akichomelea, lazima kwanza akipashe joto chuma chote, na baadaye akifukie katika majivu kipoe polepole. Fundi anayechomelea bloku baridi pale chini ya mwembe anakutengenezea ufa wa pili. Ufa ukiwa ndani ya silinda, kazi ni ya karakana yenye mashine ya kuchonga: huchongwa na kutiwa bomba jipya, mafundi huliita slivu. Lakini ukiwa kwenye kikasha cha chini, pale panaposhika mhimili wa magurudumu, acheni. Kikivunjika wakati magurudumu yale yanazunguka, kitaua mtu.

Baada ya hapo ni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mashine inasaga madebe 40 kwa siku, kila debe shilingi 1,000. Hizo ni 40,000. Mafuta, oili na posho ya mwendeshaji ni 25,000. Inabaki 15,000. Matengenezo pamoja na nauli ya kufikisha chuma Mwanza mjini na kukirudisha ni 600,000. Gawanya kwa 15,000: ni siku 40 za kazi. Injini nyingine ya mtumba ikiwa 3,000,000, ni siku 200. Kwa hiyo fundi akisema "itadumu", muulize siku ngapi, na aandike kwenye karatasi. Ikidumu mwezi mmoja tu mmepata hasara, maana mtarudi pale pale.

Uzee si hoja. Meli yetu ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961, ikasimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020. Mwili wake ulitengenezwa, lakini injini za zamani ziliondolewa, zikawekwa mpya. Kila kipande kilipimwa peke yake.

Na kuuza je? Bloku ya kilo 60 kwa shilingi 700 ni 42,000, haifiki faida ya siku tatu. Kwa hiyo kabla ya kupima kilo, fungueni pampu, noseli, magurudumu na pipa. Mwenye Lister kama yenu atavinunua kwa bei ya vipuri. Mnunuzi wa kipuri aonyeshwe ufa. Kuuficha kwa rangi ni wizi. Na mizani ya mnunuzi wa chuma, panda wewe kwanza, kama unajua uzito wako wa zahanati. Tumesikia pia kwamba Uingereza wapo watu wanaokusanya injini hizi kama mapambo. Ni kweli wapo, ila nauli ya kuifikisha huko itakula bei yote.

Wale wa Magu walipaka chaki. Mstari ulitokea ndani ya silinda, mrefu kama kidole. Katika Lister ile silinda ni kipande cha peke yake, kimefungwa kwa nati juu ya kikasha, na kikasha kilikuwa kizima. Kwa hiyo hawakutengeneza wala hawakuuza injini. Walitafuta silinda nzima kutoka Lister nyingine iliyokufa kikasha, wakaifunga. Silinda ya zamani ilipimwa kilo. Mama mweka hazina alisimama karibu na mizani, na daftari lake mkononi.