Silinda hedi nafuu, hesabu ndefu

Katika soko la vipuri vya kuongeza nguvu za magari nchini Marekani, silinda hedi za Vortec, zilizofungwa kwenye pikapu za Chevrolet za lita 5.7 kuanzia 1996, zinapendwa na wenye injini za V8 za zamani za kampuni hiyo. Ni za chuma, hupitisha hewa vizuri, na kwa kawaida bei yake ni chini ya zile za alumini.

Hata hivyo, gharama haziishii hapo. Manifoldi ya zamani ya bolti 12 haiingii, kwani hedi hizi hutumia bolti 8. Valvu nazo zinaruhusiwa kuinuka takriban inchi 0.460 tu. Kemshafti ikizidi hapo, kishikio cha springi hugonga sili ya valvu, hivyo mara nyingi hedi huhitaji kuchongwa.

Aidha, kemshafti kali hupunguza nguvu katika mwendo wa chini, ambao ndio mwendo wa mjini.

Wanunuzi wanashauriwa kuchagua hedi na kemshafti kwa pamoja. Hedi zilizotumika zipimwe nyufa kabla ya kulipiwa.